Mvinyo Mchachu na Chumba cha Mbele

Jumatatu, 12 Juni 2006

Siku kubwa! Fundi viatu amehama. Chumba cha mbele kiko wazi!

Niandike vizuri ili siku moja watu wajue nilianzia wapi. Ploti ya Mzee Kibe hapa Riruta ina vyumba vingi, lakini kinachotazama barabara ya Naivasha ni kimoja tu. Mimi na nyama choma yangu tuko nyuma, karibu na choo. Mteja akitaka mbuzi wangu ni lazima apite kwanza mlangoni kwa Everlyn, mama wa samaki. Hapo ndipo wengi hupotea. Wananusa, wanasimama, wanaketi. Nimepoteza wateja wa kujaza uwanja wa mpira, na wote wamepotelea pale pale, nikiwaona kwa macho yangu.

Leo Mzee Kibe alituita sote wawili. Akasema anajua kila mmoja anakitaka chumba, naye hapendi kelele. Jumamosi wakwe wanakuja kutoka Githunguri kubisha hodi kwa ajili ya binti yake Nyawira. Wakimaliza mazungumzo atawaleta hapa kwenye ploti. Watakula kwangu kwanza, kisha kwa Everlyn. Atakayewafurahisha wageni ndiye atakayepewa chumba.

Nilitaka kucheka hapo hapo. Wazee wa Githunguri! Wakikuyu wa zamani, ambao samaki kwao ni ndugu wa nyoka. Everlyn ametoka kwao Homa Bay na sufuria zake, hajui kwamba ameshashindwa kabla moto haujawashwa. Nikampa mkono, nikamtakia kila la heri. Akasema asante, jirani. Maskini.

Waceke hakucheka. Mke wangu hana kipaji cha kufurahi mapema. Amesema miaka yote hii amekata kachumbari kwenye moshi huku ananusa choo, na tukikikosa chumba hiki, yeye huku nyuma hakai tena. Nikamwambia atulie, nina mpango.

Sina. Lakini utakuja. Huwa unakuja.

Jumanne, 13 Juni

Umekuja! Umekuja ndani ya katoni!

Nilikuwa nimeenda Lavington kutafuta runinga. Kombe la Dunia linaendelea kule Ujerumani, na runinga yangu inaonyesha wachezaji wote wakiwa kijani pamoja na refa. Kuna mama Mjerumani anarudi kwao, anauza vitu vya nyumba. Nikafika, runinga imeshachukuliwa na mwalimu mmoja wa Kawangware. Nikageuka niondoke kwa hasira. Hapo nikaona katoni chini ya meza. Chupa ndefu, nyembamba, za kijani. Mvinyo mweupe. Riesling, kutoka Ujerumani yenyewe!

Dunia nzima inatazama Ujerumani, na Ujerumani iko hapa chini ya meza, hakuna anayeiona ila mimi.

Mama alifurahi sana nilipouliza. Akanieleza kirefu, hata chai akaniletea. Kwamba mvinyo huu unatoka kijijini kwa wazazi wake, ambako mizabibu imepandwa kwenye mteremko juu ya mto. Kwamba ni mkavu, maana yake sukari ya zabibu imeishia kwenye kuchachuka, hakuna utamu uliobaki. Kwamba unanywewa baridi. Kwamba unapenda samaki kuliko kitu chochote, na kuku, na nyama ya nguruwe, na chakula chenye pilipili na tangawizi, kwa sababu uchachu wake unasafisha mdomo kama limau. Nikamuuliza je, mbuzi wa kuchoma? Akafikiri kidogo. Akasema kwa upole kwamba kwa nyama ya moshi na mafuta, yeye angetafuta mvinyo mwekundu.

Nikaitikia kwa kichwa. Mama mzuri, roho safi. Lakini hajaonja mbuzi wa Muchiri, mchomaji wangu. Angeonja asingepanda hata hiyo ndege.

Nyumbani tukakwama kwenye kizibo. Bia tunafungua hata kwa meno, lakini hiki kinataka kifaa cha kukizungusha, na sisi hatuna. Nikakisukuma ndani kwa mpini wa mwiko. Kikazama, kikaibuka, kikaelea. Waceke akaonja, akafumba jicho moja. Akauliza kama mama Mjerumani ameniuzia siki ya achari, maana divai anayoijua yeye ni ile ya kanisani, na ile ni tamu. Nikamwambia ya kanisani ni ya wenye dhambi, hii ni ya wataalamu.

Nimeonja pia. Jicho langu pia lilifumba, lakini kitaalamu.

Jumatano, 14 Juni

Asubuhi nimeandika kibao kwa chaki, herufi kubwa: ONJA MVINYO WA NCHI YA KOMBE LA DUNIA, BURE UKINUNUA NYAMA. Nimekiweka mbele kabisa, kikiziba nusu ya mlango wa Everlyn. Akakisogeza kidogo, akanisalimia. Nikakirudisha.

Watu walikuja! Walijaa! Hata Ogutu fundi wa magari, ambaye hajawahi kuupita mlango wa Everlyn bila kuingia tangu afungue gereji yake, leo aliupita. Nilimwona Everlyn amesimama na mwiko mkononi akiwatazama wakipita. Nikasikia raha hadi kwenye magoti.

Kila mmoja aliuliza kama kuna ya moto. Hiyo ndiyo desturi yetu. Bia ya baridi ni ya vijana na wageni, mtu mzima hunywa iliyokaa kwenye kreti, isije ikamshika kifua. Basi chupa zangu nilikuwa nimezipanga ukutani karibu na jiko, zikapata joto zuri. Nikawamiminia. Ogutu akang'ata ubavu, akatafuna, akashushia na mvinyo.

Uso ukajikunja. Nilifikiri ataitazama glasi. Akaitazama nyama.

"Baba Kanini," akasema, "hii mbuzi iko sawa kweli?"

Mbuzi! Wengine nao wakaonja, wakasema nyama imekuwa chungu, kama mtu anayelamba msumari. Hakuna hata mmoja aliyeulaumu mvinyo. Mvinyo umetoka Ujerumani, utakuwaje na makosa? Mbuzi ametoka Dagoretti. Muchiri, ambaye alimchagua mbuzi huyo mwenyewe na kumpapasa mgongo, alivua aproni, akaitundika msumarini, akaenda zake bila kuaga.

Nilionja mwenyewe, nyama kisha mvinyo. Kweli, chungu. Nikafikiri sana. Nimegundua tatizo: haukuwa na joto la kutosha.

Wateja wangu wote walikwenda kusafisha midomo kwa Everlyn. Ogutu aliketi karibu na dirisha ili nimwone vizuri.

Alhamisi, 15 Juni

Nimeamka na nguvu mpya! Jana nilikuwa nimelegea, leo ni simba.

Niliweka chupa ndani ya sufuria ya maji juu ya jiko, kizibo kikiwa mahali pake, ili harufu isipotee. Nikaenda kukata nyama mwenyewe kwa kuwa Muchiri amesusa. Nikasikia mlio. Kizibo kilipita juu ya kichwa cha Waceke kikatua kwenye bakuli la supu la mteja aliyekuja kutoka Dagoretti Corner kwa sababu aliambiwa hapa ni pazuri. Waceke alimbadilishia supu, akaniangalia kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika.

Baadaye akanikumbusha kwamba mimi mwenyewe nilimwambia mama Mjerumani alisema ni baridi, na samaki, na pilipili. Nikamwambia mama yule anaongea habari za Wajerumani. Hapa ni Riruta.

Kisha likanijia! Kilichokosekana ni utamu! Nikachukua mvinyo, nikatia soda ya machungwa, nikatia sukari, nikatia asali ya Waceke ya kifua, nikaupasha polepole. Nikaonja. Jamani! Mtamu, mzito, unateremka wenyewe na kubaki njiani. Wazee watanibeba mabegani. Nimeupa jina langu mwenyewe: Wainaina Spesheli.

Chumba cha mbele, nakuja!

Ijumaa, 16 Juni

Nimelala vibaya kwa ajili ya furaha. Akili yangu ilikuwa inachemka.

Nimepata la kufanya na chupa zilizobaki. Mtego! Nieleze hatua kwa hatua, kwa sababu ni mtego mzuri na sitaki kuusahau. Mvinyo huu ukiwa mtupu, bila soda wala sukari, ni mchachu wa kukunja uso. Ukiwa baridi, utawauma wazee meno. Ukiwekwa pamoja na samaki, ambao wazee hawali, na pilipili, ambayo itawachoma, itakuwa ni msiba juu ya msiba. Basi nani anafaa kuwapa wageni mvinyo huu jinsi ulivyo? Everlyn!

Nilikwenda mlangoni kwake na chupa zimefungwa kwenye gazeti. Nikamwambia sisi ni majirani, ushindani usituharibie utu. Nikamwambia kila kitu alichoniambia mama Mjerumani, neno kwa neno, sikuongeza wala kupunguza. Baridi sana. Samaki. Tangawizi. Pilipili. Nilikuwa nausema ukweli mtupu na tumboni nacheka.

Everlyn alinitazama. Akafuta mikono kwenye leso. Macho yake yakalainika, akasema hakujua kama nina moyo wa namna hii, na kwamba alidhani ninamchukia tangu siku ya kibao. Akaziweka chupa kwenye friza lake la samaki, akazilaza vizuri kama mtu anayelaza watoto. Nikasikia kitu kikinichoma kidogo kifuani. Nadhani ni ile asali.

Waceke amekwenda kwa Muchiri kumbembeleza. Amekubali kurudi kesho, kwa heshima ya Waceke, si yangu. Sijali! Kesho!

Jumamosi, 17 Juni

Andika, mkono, andika.

Wageni walifika mchana, wamekwisha kuongea yao nyumbani kwa Mzee Kibe, nyuso zimekunjuka. Msemaji wao ni Mzee Mbugua, mjomba wa bwana arusi mtarajiwa. Koti la sufu, mkongojo, kofia haitoki. Mama wa kijana akaomba Mungu abariki chakula, akaomba pia mvua, serikali na mifugo. Kwa desturi, hakuna wa upande wa wageni anayegusa kitu mpaka msemaji aonje.

Mbuzi wa Muchiri alikuwa mbuzi wa maisha. Mzee Mbugua akachukua ubavu, akatafuna, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mzee Kibe akanitazama na kutabasamu. Waceke akanikanyaga mguu chini ya meza. Sasa naelewa alikuwa ananiambia niishie hapo hapo.

Nikamimina Wainaina Spesheli, yenye moshi mtamu juu yake.

Mzee Mbugua akanywa. Akakishusha kikombe taratibu, bila sauti. Akamgeukia Mzee Kibe, akauliza kwa huruma ni nani mgonjwa katika nyumba hii, maana hii ni dawa ya kikohozi wanayopewa watoto. Kwa kuwa yeye hakuendelea, hakuna mwingine aliyegusa kikombe. Na kwa kuwa kinywa chake kilikuwa kimegandamana kwa sukari, hakurudi tena kwenye nyama. Wakainuka wakitafuta maji.

Je, niliogopa? Hata kidogo! Mtego ulikuwa mbele yao! Nilizunguka nyuma ya jengo mbio mbio nikashika vyuma vya dirisha la Everlyn ili nisikose kitu.

Everlyn alikuwa ameweka samaki wazima, wamekaangwa, wamepakwa tangawizi na limau na pilipili nyekundu. Chupa zangu zilikuwa mezani zikitoka jasho kwa baridi. Mzee Mbugua akamtazama samaki. Samaki, kwa kuwa kichwa kilikuwapo, akamtazama Mzee Mbugua. Mzee akasema kwa adabu kwamba kwao kitu hiki hakiliwi, asichukuliwe vibaya, ila kinywaji atapokea kwa sababu ya koo.

Akapokea. Akanywa. Akafumba macho.

Sasa! nilijiambia. Sasa atatema!

Alikaa hivyo. Kisha akafumbua macho, yana maji. Akauliza ndani kumetiwa nini. Everlyn akasema hakikutiwa kitu, ndivyo kilivyotoka. Mzee akasema afadhali, akanywa tena, akalamba midomo. Sukari yangu yote ilikuwa imeoshwa kinywani mwake, na njaa ikamrudia, hiyo niliiona ikirudi. Akaona haya kukataa sahani nzima ya mwenyeji wake. Akachota nyama kidogo ya samaki kwa vidole viwili, yenye pilipili. Akakohoa. Akanywa. Uso wake ukatulia kabisa. Akachota tena, na mara hii hakuna aliyemwomba.

Chumba kizima kilikuwa kinamtazama. Alikula upande mmoja mpaka mfupa ukaonekana.

"Mimi tangu nizaliwe samaki sijakula," akasema. "Mama, nigeuzie huu upande mwingine."

Wote wakala. Mama wa kijana akala kwa soda na kuomba mapishi. Nyawira akacheka kwa mara ya kwanza siku nzima. Mimi nilikuwa bado dirishani, vidole vimekufa ganzi.

Halafu Everlyn akaninyooshea mkono pale dirishani. Akawaambia wote kwamba mvinyo ule alipewa na jirani yake, na kwamba ni yeye aliyemfundisha kila kitu, baridi, pilipili, samaki. "Si mimi," akasema. "Ni Baba Kanini." Kila mtu akageuka, wakaniona nimeshika vyuma kama mfungwa.

Mzee Kibe akatoka nje, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Akasema ameishi miaka mingi na hajaona mfanyabiashara akimpa mpinzani wake silaha. Akasema moyo kama huu ni wa mbinguni. Kisha akasema chumba ni cha Everlyn.

Wakanipigia makofi. Nikainama. Ningefanya nini kingine?

Jioni Ghana imewafunga Wacheki mawili bila. Ploti nzima ilipiga kelele, nami nikapiga, nikaruka, nikamkumbatia Ogutu. Kisha nikarudi nyuma nikaketi juu ya kreti. Afrika imeshinda na mimi nimeshindwa siku hiyo hiyo. Nimeumia. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Chumba kile nilikuwa nimeshakipaka rangi kichwani.

Jumapili, 18 Juni

Baada ya kanisa Everlyn alikuja, bado yuko na nguo za ibada. Akasema chumba cha mbele ni kikubwa kwake peke yake. Tugawane. Samaki upande mmoja, mbuzi upande mwingine, jiko la Muchiri liwe nje karibu na barabara ili moshi uite watu. Wanaotaka samaki wapate ule mvinyo baridi, wanaotaka mbuzi wapate bia yao ya moto. Akaomba nimtafutie mvinyo zaidi, kwa kuwa mimi ndiye ninayejua mambo hayo.

Waceke alisema ndiyo kabla Everlyn hajamaliza kusema.

Mimi nikasema hapana. Niligombania chumba, sikugombania nusu. Nikatoa hotuba nzuri juu ya heshima ya mwanamume na jina la biashara. Nilipomaliza, Waceke alikuwa anafunga visu vyake kwenye kitambaa. Akachukua ubao wa kachumbari, vitunguu na dhania. Muchiri akalibeba jiko.

"Baba Kanini, mimi nilikuambia siwezi kaa huku," Waceke akasema, bila hasira. "Ukichoka, kuja. Mlango uko wazi."

Wakaenda. Kuanzia saa sita nawasikia huko mbele. Wanacheka. Muchiri anapuliza moto, watu wanaagiza, na sauti ya Waceke, ambayo huku nyuma sikuwa nimeisikia ikiimba, inaimba. Huku kumebaki kreti, mimi na choo. Nilikaribia sana kuinuka.

Lakini sikilizeni! Namshukuru Mungu sikuinuka!

Alasiri hii amepita Joash, dereva wa Parklands. Anasema kuna familia ya Kijapani pale kazini kwake inarudi kwao mwezi huu, na wana katoni za kinywaji cha mchele ambacho hawawezi kukibeba. Kinywaji cha mchele! Na kinanywewa kikiwa moto! Moto, kama wazee wetu wanavyopenda! Nilisimama nikakiangusha kiti. Kesho mapema niko Parklands, kabla yule mwalimu wa Kawangware hajanusa habari. Wiki moja tu, na Mzee Kibe atakuja huku nyuma kuniomba msamaha.

Joash alianza kunieleza Wajapani huwa wanakinywa na chakula gani. Nikamkatiza. Nikamwambia chakula kisimsumbue, chakula ninacho, ni mbuzi.